Maswali ya Wasomaji: Kitufe cha Kujibu na Matatizo Yake

Katika toleo lililopita niliandika kwamba mabishano mengi ya mtandaoni huharibika kwa sababu ya jinsi majukwaa yenyewe yalivyojengwa, na kwamba mtu aliye mpole kabisa mezani hugeuka mkali akipewa kisanduku cha kuandikia na hadhira inayomtazama. Baadhi ya wasomaji wamenipinga, na wengine wamenitaka niache kulalamika nitaje vyombo vilivyo bora. Barua sita ziko hapa chini. Nimezifupisha, na majina nimeyaondoa.

SWALI: Mimi ni katibu wa chama cha kitaaluma chenye wanachama 600. Limeletwa pendekezo kwamba mkutano mkuu wa mwaka ufanyike mtandaoni badala ya ukumbini. Tulilipeleka kwenye kikundi chetu cha WhatsApp, na ndani ya siku mbili watu wanane walikuwa wameandika karibu ujumbe wote, wawili walikuwa wametukanana na mmoja amejitoa. Mpaka leo sijui wanachama wengine wanafikiri nini.

JIBU: Ndugu Katibu, sentensi yako ya mwisho ndiyo inayotaja ugonjwa. Watu 8 wamezungumza, na mawazo ya 592 hayajulikani. Kikundi cha WhatsApp kinafaa sana kwa kupeana habari, lakini hakina mahali pa kuonyesha kwamba hoja fulani imekwisha kusemwa na kukubaliwa. Ujumbe mpya huusukuma wa zamani juu mpaka ukapotea, kwa hiyo anayetaka hoja yake ibaki machoni pa watu hana budi kuirudia, na anayerudia mara nyingi huonekana kana kwamba ana watu wengi nyuma yake. Asiyependa kelele huzima sauti ya kikundi na kwenda zake. Juu ya hayo, njia nyepesi kuliko zote ya kushiriki ni kumjibu mtu. Mwenzako akiandika jambo lenye kasoro, unaligusa, unaandika, unatuma. Naye akishajibiwa mbele ya wanachama wote, suala la ukumbi linakwisha hapo na linaanza suala la heshima yake.

Waliothubutu kukiondoa kitufe cha kujibu ni watengenezaji wa Polis, programu huria (yaani ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote) iliyoanzia Seattle, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 2010. Mshiriki anaonyeshwa kauli moja fupi, naye ana njia tatu: anakubali, anakataa, au anaipita. Kisha inakuja nyingine. Akiona kwamba jambo lake halijasemwa, anaandika kauli yake mwenyewe, nayo inaingia kwenye foleni ili wengine waipigie kura. Hakuna mahali pa kumjibu mtu. Kompyuta huzisoma kura zote, huwatafuta watu wanaopiga kura kwa namna inayofanana, huwapanga katika makundi, kisha huchora ramani inayoonyesha kauli zinazoyatenganisha makundi hayo na zile ambazo makundi yote yanaziunga mkono.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Taiwan. Mwaka 2014, wanafunzi na wanaharakati walilikalia bunge la huko kwa zaidi ya wiki tatu wakipinga mkataba wa biashara na China, na baada ya msukosuko huo watengeneza programu wa kujitolea wa kundi la g0v, akiwemo Audrey Tang ambaye mwaka 2016 aliingia serikalini kama waziri, walishiriki kujenga utaratibu wa mashauriano ulioitwa vTaiwan. Mwaka 2015 utaratibu huo, ukitumia Polis, ulipewa suala la Uber, huduma ya kuita usafiri kwa simu. Ramani ilionyesha makundi mawili, moja likiipenda huduma hiyo mpya na jingine likiwatetea madereva wa teksi, jambo ambalo kila mtu angelikisia bila kompyuta. Kilichofuata ndicho cha kutazama. Kwa kuwa kauli iliyoungwa mkono na upande mmoja tu haikumsogeza mtu popote, watu walianza kuandika kauli ambazo hata upande wa pili ungeweza kuzikubali: kwamba abiria lazima walindwe kwa bima, na kwamba teksi nazo zitumie nafasi hiyo kuboresha huduma. Tusiikuze habari hii kupita kiasi, maana serikali haikuwa na wajibu wa kisheria wa kufuata matokeo hayo. Hata hivyo, mazungumzo na pande zote yalianzia hapo, wala hayakuanzia kwenye matusi.

Sasa tuje kwenye kazi yako, kwa sababu wengi hupata chombo kizuri wakakiharibu kwa kauli za kuanzia. Tuseme mwanachama amekuletea kauli hii: “Wanachama wa mbali wamechoka kupuuzwa, kwa hiyo mkutano uhamie mtandaoni kama vyama vya kisasa vinavyofanya.” Ndani yake mna mambo matatu. Kuna dai kwamba watu fulani wanapuuzwa, kuna pendekezo, na mkiani kuna kijembe kwamba anayekataa ni mtu wa kale. Anayekubali la kwanza na kukataa la pili atabonyeza nini? Ataipita, nawe utakuwa umempoteza mtu ambaye maoni yake yangekufaa kuliko ya wote. Ivunje. Andika: “Mwanachama asiyeweza kusafiri anastahili kupiga kura sawa na aliyeko ukumbini.” Kisha: “Intaneti yangu inaweza kuhimili mkutano wa saa tatu bila kukatika.” Kisha: “Uchaguzi wa viongozi usifanyike mtandaoni, hata kama mambo mengine yatafanyika huko.” Kisha: “Faida kubwa ninayoipata mkutanoni ni kukutana na wenzangu ana kwa ana.” Kila moja ina jambo moja, na hakuna inayomchoma mtu. Ile ya intaneti haina ubishi wowote ndani yake, lakini itakupa hesabu ambayo watu wako wanane hawakuifikiria. Ile ya uchaguzi nimeiweka kwa makusudi, maana nashuku kwamba baadhi ya wanaoonekana kuupinga mkutano wa mtandaoni wanaiogopa kura ya mtandaoni, na hayo ni mambo mawili.

Anza na kauli kama kumi au kumi na tano za pande mbalimbali, kisha waachie wanachama waongeze. Kabla ya kufungua, watangazie kwa maandishi kamati itafanya nini na matokeo, kwa mfano kwamba kila kauli itakayoungwa mkono na makundi yote itawekwa kwenye ajenda. Mwanachama asipojua kura yake inakwenda wapi hatarudi mara ya pili. Na usije ukasema “wanachama wameamua” kwa ramani iliyochorwa na watu 40. Waliopiga kura ni wale waliojisikia kupiga, kwa hiyo ulichopata ni orodha nzuri ya mambo ya kujadili.

SWALI: Je, tuziondoe alama za kupenda?

JIBU: Ziache, lakini ficha idadi yake mpaka msomaji awe ametoa uamuzi wake mwenyewe. Kitufe cha kupenda cha Facebook na kile cha kusambaza cha Twitter viliwekwa mwaka uleule, 2009, na tangu hapo watu wamezoea kuitazama namba kabla ya kuisoma hoja. Kinachoumiza zaidi ya namba ni mpangilio: hoja iliyopendwa mapema huwekwa juu, inaonwa na wengi, inapendwa zaidi, na hoja bora iliyochelewa kwa saa moja inazikwa chini. Kwa siku ya kwanza, hoja zionyeshwe kwa mpangilio wa bahati nasibu.

SWALI: Umeandika kurasa nzima bila kutaja lililo wazi. Watu hutukana kwa sababu wamejificha. Kila anayeandika alazimishwe kutumia jina lake halisi na kitambulisho chake, na fujo zitakwisha. — Mzee asiyejificha

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Dawa hiyo imewahi kujaribiwa na nchi nzima. Korea Kusini ilipitisha sheria iliyoanza kutumika mwaka 2007, ikizitaka tovuti kubwa zithibitishe utambulisho wa kila anayeandika maoni. Mwanzoni ziliguswa tovuti zenye wageni zaidi ya 300,000 kwa siku, na baadaye kiwango kikashushwa hadi 100,000. Ili kuitii sheria, kampuni zililazimika kukusanya na kuhifadhi taarifa binafsi za mamilioni ya watu, na mwaka 2011 wadukuzi waliiba taarifa za watumiaji wapatao milioni 35 wa kampuni moja. Mwaka uliofuata, Mahakama ya Katiba iliifuta sheria hiyo kwa kauli moja, ikiona kwamba inabana uhuru wa kujieleza bila kuleta manufaa ya kutosha.

Nami naongeza la macho yangu mwenyewe. Niliwahi kusimamia maoni ya wasomaji mahali ambapo kila mtu aliandika kwa jina lake kamili na picha yake, na matusi mazito niliyoyafuta yalitoka kwa watu waliokuwa wakitabasamu kwenye picha hizo wakiwa na watoto wao. Anayejiona yuko upande wa haki haoni aibu kutukana kwa jina lake. Anayenyamaza ukimlazimisha kutaja jina ni mfanyakazi anayetaka kusema jambo ambalo mwajiri wake hataki kulisikia.

Pamoja na hayo, ndani ya hoja yako kuna jambo la kweli. Akaunti inayofunguliwa kwa dakika moja na kutupwa kwa dakika nyingine haina cha kupoteza. Kinachosaidia ni lakabu ya kudumu: mtu mmoja, akaunti moja, yenye historia inayoonekana. Chama kinaweza kuhakiki uanachama wa mtu mlangoni, kikampa lakabu moja kwa mjadala mzima, na orodha inayounganisha lakabu na majina ikatunzwa na mtu mmoja tu, kisha ikafutwa mjadala ukiisha. Muda wa kufutwa uandikwe kabla ya kuanza, maana orodha isiyo na tarehe ya kufutwa ndiyo inayokuja kuvuja.

SWALI: Ninaendesha tovuti ndogo ya habari, na wengi wanaotoa maoni ni dhahiri kwamba wamesoma kichwa cha habari tu. Je, ni haki kuwawekea kikwazo?

JIBU: Ni haki, ikiwa kikwazo ni kidogo na ni kilekile kwa kila mtu. Mwaka 2017 kitengo cha teknolojia cha NRK, shirika la utangazaji la umma la Norwe, kilijaribu kuweka maswali matatu mepesi kuhusu makala, ambayo msomaji alipaswa kuyajibu ndipo kisanduku cha maoni kifunguke. Usiuone kama mtihani. Faida yake ni kwamba wote wanaoingia wanakuwa wamekubaliana angalau juu ya kilichoandikwa, na pia kwamba hasira inapewa sekunde chache za kupoa. Twitter nayo, mwaka 2020, ilianza kumuuliza mtu anayetaka kusambaza makala ambayo hajaifungua kama angependa kuisoma kwanza, na ilieleza kwamba walioulizwa hivyo waliongeza kufungua makala kwa asilimia 40. WhatsApp mwaka huohuo iliamua kwamba ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi uweze kutumwa kwenye gumzo moja tu kwa wakati mmoja, kisha ikatangaza kwamba usambazaji wa jumbe za aina hiyo umeshuka kwa asilimia 70. Takwimu hizi zimetolewa na kampuni zenyewe, nazo zina sababu ya kujisifu. Hata ukizipunguza nusu, bado ni mabadiliko makubwa kwa swali moja au kizuizi kimoja ambacho hakikufuta neno la mtu yeyote.

Tahadhari yangu ni moja. Weka kikwazo kabla mtu hajaanza kuandika. Ukiweka baada ya kuandika, halafu andiko likapotea kwa sababu alikosea jibu la pili, umetengeneza adui.

SWALI: Shikamoo, Mhariri. Ninasoma uhandisi wa programu na ninajenga jukwaa la mijadala kama mradi wangu wa mwisho. Msimamizi wangu ananishauri nisipange hoja kwa kuhesabu kura peke yake, nitumie mpangilio unaounganisha makundi. Sioni tofauti yake. Wengi si ndio wengi?

JIBU: Marahaba, kijana. Chukua kalamu tuhesabu pamoja. Una washiriki 100, kundi la kwanza lina 80 na la pili 20. Kauli A inakubaliwa na watu 78 wa kundi la kwanza na mtu 1 wa kundi la pili, jumla 79. Kauli B inakubaliwa na 50 wa kundi la kwanza na 14 wa kundi la pili, jumla 64. Ukihesabu kura tu, A iko juu, na wale 20 wakifungua jukwaa lako wanakutana kwanza na jambo linalowaudhi. Wakifungua kwa mara ya tatu wataondoka, nawe utabaki na jukwaa la watu 80 wanaopongezana. Sasa chukua uwiano wa kila kundi na uzidishe. Kwa A ni 0.975 mara 0.05, yaani takriban 0.05. Kwa B ni 0.625 mara 0.70, yaani takriban 0.44. B imepanda juu kwa mbali. Ili kauli ipate alama nzuri kwa hesabu hii lazima ipite kwa kila kundi, kwa kuwa kundi moja likiikataa kabisa, linaivuta karibu na sifuri. Polis ina kipimo cha namna hiyo.

Mfumo wa Community Notes wa mtandao wa X (zamani Twitter), ulioanza Januari 2021 kwa jina la Birdwatch, unafuata wazo linalokaribiana nalo kwa hesabu ngumu zaidi. Watumiaji wa kujitolea huandika maelezo ya kusahihisha chapisho, wengine huyapima, na maelezo huonyeshwa kwa umma pale tu yanapoonekana kuwa ya msaada na watu ambao kwa kawaida hawakubaliani katika upimaji wao. Mfumo hauambiwi nani yuko chama gani. Hukisia kutokana na jinsi kila mtu alivyopima maelezo mengine. Msimbo wake umewekwa wazi, jambo ambalo nakusihi uliige, kwa sababu mtu aliyeshushwa chini na hesabu asiyoruhusiwa kuiona atadhani ameonewa, na huenda akawa sahihi.

Kasoro ipo, nayo si ndogo. Jambo likiwa kweli lakini kundi moja limekula kiapo kulikana, mpangilio huu utalizuia lisionekane, na hata pale maelezo yanapopita, kusubiri makubaliano kunachukua muda ambao uvumi haungoji. Kwa hiyo tumia mpangilio huu kuamua hoja ipi watu waianzie, na usiutumie kamwe kuamua kama daraja lina nyufa. Zaidi ya hayo, weka ukurasa wa pili unaoonyesha kauli zinazotenganisha makundi zaidi kuliko zote. Ukizificha hizo, jukwaa lako litaonekana lina amani, na wenye malalamiko watakwenda kuyasemea kwingine.

SWALI: Ninafundisha mdahalo katika shule ya sekondari. Wanafunzi wangu ni hodari wa maneno, lakini nikiwauliza mpinzani alisema nini hawajui. Tunazo kompyuta kumi. Nifanye nini?

JIBU: Mwalimu, mdahalo wa mashindano una waamuzi, na mwanafunzi husema na waamuzi, mpinzani wake ni mtu aliyesimama njiani. Lazima ubadilishe anayetoa alama. Mwanasaikolojia wa Marekani Carl Rogers alipendekeza kanuni mwaka 1951, kabla ya majukwaa haya yote: usitoe hoja yako mpaka uwe umeyaeleza upya mawazo ya aliyetangulia, na yeye mwenyewe akaridhika kwamba umeyaeleza sawasawa. Huko kuridhika kwa mpinzani ndiko kuliko kugumu, na karibu hakuna jukwaa kubwa linalodai jambo hilo.

Lipo jukwaa dogo ndani ya Reddit, mtandao wa mijadala, lililoanzishwa mwaka 2013 na linaloitwa Change My View, ambalo limekaribia. Anayeleta msimamo anajitolea upingwe, anatakiwa awepo kujibu ndani ya saa tatu, na mtu akimbadilisha mawazo hata kidogo, humpa alama ya delta na kueleza ni kitu gani kilichomgeuza. Sifa inakwenda kwa aliyemshawishi mpinzani, na kumtukana mpinzani hakumshawishi, kwa hiyo tusi linakuwa hasara kwa aliyelitoa.

Kwa kompyuta zako kumi, tumia ramani ya hoja. Wazo hili ni la zamani: mwaka 1970 Werner Kunz na Horst Rittel walieleza mfumo wa kuandika majadiliano kwa kutenganisha suala, misimamo inayolijibu, na hoja zinazounga mkono au kupinga kila msimamo. Kialo, iliyofunguliwa mwaka 2017, hufanya jambo linalofanana na hilo kwa umbo la mti: juu kuna dai, chini yake hoja za kuunga mkono upande mmoja na za kupinga upande wa pili, na kila hoja inaweza kuwa na matawi yake. Hoja ikirudiwa inaonekana mara moja kwamba imerudiwa. Lakini nisikufiche kwamba miti hii hukua mpaka hakuna anayeisoma, kwa hiyo weka kikomo cha ngazi tatu.

Wapange wawili wawili, wapinzani kwenye kompyuta moja. Kila hoja anayotaka kuipinga mmoja, kwanza aiandike upya kwa maneno yake, naye mwenzake asome na aandike chini yake “ndivyo” au “sivyo”. Ikiwa “sivyo”, arudie. Alama zihesabiwe kwa idadi ya “ndivyo” alizozipata kwa mpinzani. Mjanja mmoja atagundua kwamba anaweza kumnyima mwenzake alama kwa kukataa kila kitu. Kwa hiyo anayesema “sivyo” naye aandike ni neno gani lililokosewa. Kipindi cha kwanza huenda kila jozi ikamaliza hoja mbili tu. Usiwaharakishe wafike ya tatu.